Kivuli cha Saa Kumi

Baraza letu la Bangwe linatazama magharibi,
na hilo ni kosa langu.
Nilipochora nyumba kwenye daftari la hesabu
nilitaka ziwa liwe mgeni wa kila jioni,
nikasahau kwamba jua nalo
hupita njia ileile kwenda Kongo.

Kuanzia saa tisa halikaliki.
Saruji inaunguza nyayo, kiti cha plastiki
kimepauka hadi kufanana na jino,
na Nyamwiza anakula mgebuka wake amekunja uso
kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya.

Tukamwita fundi.
Bitaliho alikuja na kamba, penseli sikioni:
"Msinionyeshe jua la saa sita,
hilo lina haya, linabaki juu ya bati.
Nionyesheni la saa kumi,
linaloingia bila hodi."
Tukalingoja naye. Akanywa chai vikombe vitatu.
Lilipofika alipiga mstari wa chaki ukutani,
kiunoni mwa mlango,
akasema: hapa ndipo linapowakamatia.

Bati, alisema, litawazika,
lakini chini yake mtaoka mikate,
na mvua ya Novemba ikija hamtasikilizana.
Majani ya mchikichi yana ubaridi wa mtungi,
ila mchwa.
Ila panya.
Turubai la kukunja, la mistari,
lenye mkono wa kuzungusha kama cherehani,
hilo huagizwa. Hilo ni mbuzi sita.

Mbuzi sita!
Mimi mwalimu wa hesabu nilijumlisha njia nzima
hadi sokoni Mwanga,
nikarudi na jibu langu begani:
plastiki nene, nyeupe, bado ina mikunjo yake,
maandishi yamesuguliwa kwa mafuta ya taa,
bei ya kuku wawili,
na muuzaji haulizwi ilikotoka.

Tuliitundika kwa kamba, kujaribu tu.
Kivuli kikaanguka sawia na chaki ya Bitaliho.
Nikapiga makofi. Nikavuta kiti.
Nyamwiza akatoka jikoni na kisu na nusu ya kitunguu,
akatazama juu.

Mwanga uliopenya ulikuwa
maziwa yaliyoongezwa maji.
Ukamfuta miaka usoni,
akabaki mtoto wa miaka tisa, au kumi.
Upepo wa ziwa ukaiinua plastiki, ukaiachia:
pwa.
Pwa.

"Sauti ile," akasema.
Basi.

Baadaye, akiosha kisu kilichokwisha kutakata:
"Kambini tulikuwa saba chini ya moja.
Mama aliishona kwa uzi wa gunia.
Usiku wa mvua tulishika pembe,
kila mtoto na pembe yake.
Yangu ilikuwa ya upande wa miguu."

Miaka kumi na miwili ya ndoa.
Najua anavyokohoa akitaka kudanganya,
najua sukari yake, vijiko viwili na punje.
Habari ya pembe sikuwa naijua.

Nikaikunja. Bitaliho aliichukua afunike mbao zake
kwa nusu ya kuku, na sikubishana.

Dukani kuna vipande vya rangi vilivyofungwa kwa pete.
Nyamwiza alivitoa nje kimoja kimoja,
akavipitisha kati ya jua na kiganja chake.
Cha manjano: kiganja kikashikwa na homa.
Cha kijani: "Wali utaonekana umeota kuvu."
Cha buluu hakukifungua.
Akasimama kwenye chekundu kilichokolea, rangi ya mawese,
akaniwekea mbele ya uso, akacheka
kicheko chake cha puani:
"Mwalimu, umeiva."

Tumelipa mbuzi wawili.
Turubai litakuja na lori, huenda kabla ya mvua,
huenda lori limelala Tabora na dereva wake.
Kwa sasa, saa tisa ikigonga,
tunabeba viti kuzunguka nyumba
tukifuata kivuli cha tangi la maji.
Ni chembamba, kinatosha mtu mmoja na nusu.
Bega langu la kushoto
linaendelea kuiva.